Profesa Alinisitiri, Sasa Nimeambiwa Nimsifu Mbele za Watu

Assalaam alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Mie ni mwalimu wa hesabati katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba, mama wa watoto watatu. Hili ninalokuletea halihusu mume wala wifi, na huenda ukaliona dogo, lakini tangu mwezi uliopita usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Mwaka 2007 nilimaliza shahada yangu katika chuo kikuu kimoja cha hapa kwetu Zanzibar. Tulikuwa wachache, darasa zima lilienea daladala moja. Profesa aliyetusomesha utafiti tulimpa jina la Pambizo, kwa sababu pambizo ya karatasi yako alikuwa haiachi tupu. Akiandika kwa wino wa kijani, herufi ndogo kama sisimizi, na neno lake lilikuwa moja: "Umeyajuaje?" Ukiandika wavuvi wa mahali fulani ni maskini, umeyajuaje? Ukiandika bei ya karafuu imepanda, umeyajuaje? Tukitaniana kuwa hata ukiandika jina lako atakuuliza. Sasa kastaafu, yuko mtaa mmoja wa Ng'ambo, na macho yamemuishia. Kusoma hawezi tena.

Wenzangu wamefungua kundi la WhatsApp. Wanataka kumfanyia hafla Mfunguo Mosi, Idi ikishapita. Watu wamechanga, imeagizwa ngao ya kioo yenye jina lake, na mie nimechaguliwa niseme dakika kumi kwa niaba ya tuliotoka Pemba. Kila siku watu wanatuma kumbukumbu zao. "Alikuwa baba kwetu." "Alikuwa taa." "Bila yeye nisingekuwa hapa." Mmoja tu ndiye aliyeandika: "Mimi alinirudisha mwaka mzima kwa kurasa nne. Sichangi, na msinipigie simu." Mkuu wa kundi anataka kumtoa.

Sasa sikiliza yangu, Bi Mkubwa.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa juu ya malipo ya wanawake wanaochambua karafuu, wale wanaokaa usiku kutenga karafuu na makonyo baada ya mchumo. Nilitakiwa niwahoji wanawake 60 katika shehia tatu. Fedha za utafiti nilipewa, si nyingi, lakini zingetosha nauli na maji ya kunywa. Nikanunua simu ya Nokia. Ningeweza kukwambia baba alikuwa mgonjwa, au magari yalikuwa hayapatikani. La, niliitaka simu. Nikawahoji wanawake 14 wa karibu na kwetu, na hojaji 46 zilizobaki nikazijaza mwenyewe ukumbini kwa shangazi yangu, kwa kalamu tatu tafauti ili isijulikane. Nilijiona mjanja kweli.

Aliniita ofisini. Alikuwa kazipanga hojaji mezani mafungu mawili, kama mchuuzi wa samaki: 14 huku, 46 huku. Hakukosea hata moja. Akaniambia, "Soma umri." Fungu la kwanza nikasoma: 40, 50, 60, 45, 60, hajui, 50. Fungu la pili: 37, 43, 52, 58, 41, 53. Akaniuliza, "Bibi yako ana miaka mingapi?" Nikamwambia sitini. "Umeyajuaje?" Nikanyamaza. Akasema, "Bibi zetu wana arubaini, wana khamsini, wana sitini, au Mapinduzi yaliwakuta wananyonyesha. Huyu bibi wa miaka khamsini na tatu kamili yuko wapi Pemba nzima? Nipeleke nikamuamkie."

Miguu ilinilegea. Nilijua kanuni za chuo zilivyo, jambo lile lilikuwa la kufukuzwa. Yeye akanisogezea fungu la 14, lile la 46 akalitia mkobani mwake. "Haya yangu," akasema. "Nenda kawatafute bibi zako."

Simu niliiuza. Nikakaa wiki tano, shehia hadi shehia. Usiku wa kwanza kuna mama alinitupia ungo, akaniambia huulizi mtu mikono mitupu, kwa hiyo nikauliza huku nachambua, na vidole vikanuka karafuu mpaka Ijumaa. Mwengine, nilipomuuliza wanalipwa nini kazi ikichelewa, alinijibu: "Maneno." Niliiandika hivyo hivyo. Pale Pambizo hakuuliza kitu, alipiga mstari wa kijani chini ya neno lile, basi.

Hatujalitaja tena jambo hilo mpaka leo. Mume wangu halijui. Sensa ya Agosti 2022 nilikuwa msimamizi wa maudhui, na siku tuliyowaeleza makarani namna ya kumsaidia mzee asiyejua umri wake, kwa kumuuliza matukio, nilijisikia nasema kwa sauti ya yule mzee. Nikatoka nje kidogo.

Nifanye nini? Nikisema kweli, kuna video, na wanafunzi wangu wataiona. Nikisema "alikuwa taa" nitajiona nimekaa tena ukumbini kwa shangazi na kalamu tatu. Nisingizie homa nisiende? Na huyu mwenzetu asiyetaka kuchanga, tumuache atolewe?

Mchambua Karafuu, Pemba

*

Waalaykumu salaam mwanangu, marahaba.

Nianze kwa kukuomba radhi, maana nimecheka. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mjukuu wangu kakaa pembeni. Nilipofika kwa bibi wa miaka 53 akaniuliza, "Bibi, weye una miaka mingapi?" Nikamjibu sabiini, bila ya kufikiri. Kisha nikajikagua: sabiini naijuaje? Cheti sina. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa msimu mkubwa wa maembe. Profesa wako kanikamata na mie, nimo katika fungu la 14.

Nawe umeshajijibu nusu uliposema habari ya ukumbini kwa shangazi. Hizo "alikuwa taa" na "alikuwa baba kwetu" zinazomiminika kwenye kundi lenu ni hojaji 46. Simaanishi kuwa wenzako ni waongo, huenda wanampenda zaidi kuliko unavyodhani. Lakini wamekaa pahala pamoja, wakajaza wote jibu moja, na hakuna hata mmoja aliyeandika "hajui". Mtu aliyefundisha watu miaka yote hiyo kuuliza "Umeyajuaje?", mnamkalisha kitini asikilize dakika tisini za maneno ambayo angeyapiga wino wa kijani kama macho yangekuwa yanaona! Mie ningekuwa yeye ningesingizia homa kabla yako.

Kwa hiyo hilo la "taa" litoe. Sasa tuje kwenye lenye uzito.

Umeniuliza kama useme kweli, na umeihesabu hasara yako: video, wanafunzi, mume. Hukuihesabu yake. Mwanangu, siri hii ina wenyewe wawili. Yale makaratasi 46 hayakubaki mikononi mwako, aliyatia mkobani mwake, akasema "haya yangu". Siku ile alijitwika kosa la kazi. Kanuni zilimtaka akupeleke mbele ya kamati, naye hakukupeleka. Ukisimama ukumbini ukalieleza, watu watakupigia makofi wewe kwa ujasiri, na kofi likiisha atatokea mmoja, yupo kila hafla, atakayemuuliza jirani yake: "Kumbe alikuwa akificha? Kaficha wangapi?" Mzee wa watu kakaa hapo mbele, haoni sura za watu, anasikia minong'ono tu.

Halafu yuko yule wa kurasa nne. Hebu jiweke kwake. Yeye alirudishwa mwaka mzima, mwaka wa ada, mwaka wa kuonekana mtaani kama aliyeshindwa. Leo anaona kwenye simu yake video ya aliyeghushi hojaji 46 akasamehewa kwa wiki tano. Atauliza: kwa nini yeye na si mimi? Na mie swali hilo siwezi kumjibu. Wala sitamtakasa profesa wenu hapa kwa sababu tu kazeeka. Huenda kurasa zile nne zilikuwa na mambo mazito kuliko yako. Huenda pia aliamka vibaya siku hiyo, au alikuona wewe binti wa shamba akakuhurumia, na yule kijana wa mjini akamuona ana wa kumtetea. Walimu ni watu. Kukusitiri kulikufaa wewe, hilo halina ubishi, lakini sijashawishika kuwa mwalimu anapaswa kuwa na mkoba wa kutilia makosa ya anaowapenda.

Ndiyo maana nakwambia nenda kwake kwanza, kabla ya hafla na ngao. Panda boti uende Unguja, peke yako, usichukue mwenzako wa darasani wala usiandike kundini kuwa unakwenda. Chukua haluwa ya Wete, maana hata profesa ana tumbo. Kaa naye, mwambie yote kama ulivyoniambia mie, pamoja na ile Nokia, ambayo nadhani hakuijua. Kisha muulize: "Mwalimu, hili nilitaje?" Akisema litaje, lina ruhusa ya mwenyewe wa pili. Akisema liache, uliache. Na ukipata upenyo muulize habari ya mwenzenu wa mwaka mzima. Usimuulize kwa kumshitaki, muulize kama mtu anayetaka kujua. Naye aulizwe mara moja kayajuaje.

Ila nikutahadharishe. Inawezekana hakukumbuki.

Mie nimesoma ualimu Beit-el-Ras, enzi hizo mtu akitaka chuo kikuu anavuka bahari, ama Mlimani, ama Makerere, ama mbali zaidi huko. Chuo kwetu sisi kilikuwa kwa maalim, unakwenda na juzuu yako asubuhi. Nilipomwambia bibi yangu kuwa mtoto wa kaka anakwenda chuo kikuu aliniuliza, "Kwani hichi cha maalim kidogo?" Vyuo vikuu vyetu wenyewe ni vya juzi tu: cha Tunguu na cha Chukwani mwaka 1998, kisha chuo cha taifa kwa sheria ya 1999, kikaanza kazi 2001. Nakutajia haya kwa sababu nyinyi wa 2007 mlikuta madarasa machanga, mwalimu anajua mwandiko wa kila mmoja. Ndiyo maana alizigawa hojaji zako bila ya kukosea. Wa leo waliojaa kumbi hawapati bahati hiyo, wala balaa hiyo.

Basi huko Beit-el-Ras nilikuwa na mwalimu wangu wa kike, aliyenifunza kusimama mbele ya darasa bila ya kushika meza. Miaka thalathini baadae nikamwendea, nimejipamba, na maneno yangu nimeyapanga tangu kwenye gari. Akanishika mkono akafurahi kweli kweli, akaniita Asha. Mie si Asha. Asha tulisoma naye, alikuwa hodari kuliko mie. Saa nzima nikasikiliza sifa za Asha: insha zake, sauti yake, siku aliyomjibu mkaguzi. Nilikula mkate wa kumimina wa Asha, nikanywa chai ya Asha, nikaaga. Njiani nilikuwa na hasira mpaka Bububu. Baada ya hapo nikaona aliyekuwa na haja na ziara ile ni mie, na maneno yangu nilikuwa nimeyasema yote, yamefika masikioni mwake, kwa jina lolote lile.

Kwa hiyo ukifika, na akawa hakukumbuki wewe wala makaratasi, usimlazimishe. Eleza, shukuru, kula haluwa naye. Na akiwa hakumbuki, ruhusa ya kulitaja haikupatikana, maana asiyekumbuka hawezi kukuruhusu. Liache.

Sasa dakika zako kumi. Unaweza kuzijaza zote bila ya kugusa yale 46 na bila ya kusema uongo hata wa punje. Sema kulikuwa na profesa aliyekuuliza bibi yako ana miaka mingapi. Waeleze watu kwa nini wazee wetu wana arubaini na khamsini, kwa nini mwenye kuhesabu watu akiona umri umenyooka sana aanze kuingia shaka. Wewe ni mwalimu wa hesabati, hilo utalieleza kuliko mie. Sema alikurejesha kwa wachambuaji karafuu mpaka ukajifunza kuuliza huku unafanya kazi. Sema lile "Maneno" la yule mama, na mstari wa kijani chini yake. Waambie kuwa sensa ya 2022 iliandika watu 543,441 Pemba, na kuwa baadhi ya wazee humo waliulizwa umri wao kwa subira kwa sababu yake. Yote hayo ni kweli. Alikurejesha kwa sababu gani, hiyo si lazima iwe ya ukumbi.

Wanafunzi wako ni mlango mwengine. Siku utakayomkamata mmoja kaghushi, na utamkamata, utachagua mwenyewe umwambie nini, mlango umefungwa, nyinyi wawili. Usimuige Pambizo kwa kila kitu. Kumrejesha akafanye kazi upya, sawa. Kuficha, lifikirie mara mbili, na pengine mshirikishe mwalimu mkuu.

Mumeo? Nokia ya 2007 haivunji nyumba. Mwambie ukipenda.

Ngao ya kioo imeshaagizwa, basi ije, ingawa sijui mtu asiyeona ataifanyia nini. Nilimsikia mtu akiuliza kwa nini Profesa Haroub Othman, aliyesomesha Mlimani miaka mingi na akafariki Juni 2009, hatumuoni kwenye masanamu. Nikamwambia, Kituo cha Huduma za Sheria cha hapa Zanzibar, ambacho yeye alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1992, kinamtosha, na mkewe, naye profesa, alizikusanya makala zake zikawa kitabu. Nyinyi hamna haja ya kujenga kituo. Waambie wenzako kila mmoja atafute kabatini, kwa mama, kwenye sanduku la juu, ukurasa mmoja wenye wino wa kijani. Siku ya hafla kila mtu asome alichoandika yeye kisha asome alichoandikiwa pambizoni. Mzee asikie sauti yake mwenyewe inarudi. Hapo hata wanaosema "taa" watalazimika kusema kitu.

Na yule aliyesema asipigiwe simu, asipigiwe. Kumtoa kundini, hapana. Katika kundi zima yeye ndiye pekee aliyejaza hojaji yake mwenyewe, na mkuu wenu anataka kuitupa kwa kuwa haifanani na nyengine. Mwandikie mstari mmoja, usimuombe mchango: "Na mie kuna kurasa zangu alizozikataa." Akijibu, mzungumze. Asipojibu, ni haki yake. Wala msiende mkamsema hafla nzima kuwa ana kinyongo. Mwaka wa mtu ni mwaka.

Boti ipande ya asubuhi ili uwe na mchana mzima mbele yako. Ukibisha hodi, na akauliza nani huyo, usimtajie skuli wala cheo. Mwambie kaja bibi wa miaka khamsini na tatu.